Kanisa na Siku za Baada ya Kura: Funzo la Kasese na Bwera

Kampeni zinapopamba moto wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, makanisa hayalali. Kuna mifungo na mikesha ya maombi, kuna nyaraka za maaskofu zinazosomwa kabla ya matangazo, na kuna wagombea wanaoitwa mbele ya waumini washikane mikono na kuahidi kwamba atakayeshindwa atakubali. Yote hayo ni mema na siyabezi. Lakini kura zikishapigwa na washindi wakitangazwa, mara nyingi ratiba ya kanisa kuhusu uchaguzi huishia hapo: padri au mchungaji humshukuru Mungu kwa zoezi lililomalizika, na waumini wakarudi kwenye mambo yao ya kila siku. Nashikilia kwamba mpango huo umekaa kichwa chini. Kumbukumbu ya wilaya hii, kuanzia Kilembe hadi Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo, inatufundisha kwamba siku za hatari kubwa zaidi ni zile zinazofuata hesabu ya kura, na kwamba kanisa linalotaka kuwasaidia watu wake liziwekee siku hizo sehemu kubwa ya nguvu zake. Maandalizi ya kabla ya kura yana kazi moja kuu, nayo ni kulijengea kanisa imani ya pande zote, ili siku hizo zikifika liingie katika kila nyumba bila kuulizwa limetumwa na nani.

Tuanze na mwaka 2016, maana hakuna mwaka ulioacha jeraha kubwa zaidi la uchaguzi hapa. Wananchi waliwapigia kura rais na wabunge tarehe 18 Februari. Chama cha upinzani cha FDC kilizoa viti vingi vya Kasese, na hata Crispus Kiyonga, mwanasiasa mkongwe wa Bukonzo Magharibi aliyekuwa waziri wa ulinzi, akaangushwa. Siku chache baadaye ukafuata uchaguzi wa wenyeviti wa wilaya na madiwani, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Kati ya Februari na Aprili takriban watu 30 waliripotiwa kuuawa katika wilaya za Kasese na Bundibugyo, na familia zikayahama makazi yao. Kisha, miezi tisa baada ya kura ya rais, tarehe 26 na 27 Novemba, vikosi vya serikali vilipambana na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu, na jeshi likalivamia kasri la mfalme mjini Kasese. Shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba zaidi ya watu 150 waliuawa katika siku hizo mbili, wakiwemo askari polisi na watoto. Mfalme Charles Wesley Mumbere na wafuasi wake wengi walikamatwa na kushtakiwa, na mashtaka dhidi yake hayakuondolewa hadi Juni 2023. Zipange tarehe hizo kwa mfuatano wake, nawe utaona kwamba kura ya Februari ilikuwa mwanzo tu wa msimu uliodumu miaka saba.

Sidai kwamba mauaji ya Novemba yalisababishwa na uchaguzi peke yake. Mzizi wake unarudi nyuma hadi mwaka 1962, Isaya Mukirane na wenzake walipoasi utawala wa ufalme wa Toro, na unapita katika makubaliano ya mwaka 1982 na kutambuliwa rasmi kwa ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Umo pia mgogoro wa ardhi na mamlaka kati ya Wakonzo, Wasongora na Wanyabindi, ambao wanagawana masoko, malisho na visima vilevile. Ninachosema ni kwamba uchaguzi huyaamsha yote hayo kwa pamoja, na huyaamsha hasa pale matokeo yanapotoka, kwa sababu ndipo swali la nani ana haki ya kutawala hapa linapopata jibu ambalo nusu ya watu hawakulitaka. Kampeni hugawa matumaini, na kila upande bado unaamini utashinda. Matokeo hugawa ushindi na fedheha. Tena kura ya diwani na mwenyekiti ni kali kuliko ya rais, maana rais yuko mbali, lakini diwani aliyekushinda mnachota maji mto mmoja na watoto wenu wanasoma darasa moja.

Kwa upande wa Bwera, karibu na mpaka huo, kuna jambo la ziada. Watu wa mpakani wameishi na bunduki kwa muda mrefu. Waasi wa ADF walivamia Mpondwe Novemba 1996. Januari 2023 bomu liliripuka ndani ya kanisa huko Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka, waumini wakiwa wamekusanyika kwa ajili ya ubatizo. Tarehe 16 Juni mwaka huohuo waasi waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mahali kama hapo, gari la jeshi likipita usiku wa kutangazwa matokeo, hakuna anayejua kama limekuja kulinda mpaka au kukamata vijana wa chama fulani, na kila mtu hujaza pengo hilo kwa hofu yake mwenyewe. Januari 2021 serikali ilizima intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia usiku wa kuamkia siku ya kura. Habari za kweli zikikosa njia, uvumi haukosi.

Sasa tujiulize ni nani anaweza kufanya kazi katika siku hizo. Tume ya Uchaguzi ikishatangaza, shughuli yake imekwisha. Waangalizi hufunga mizigo. Vyama vinahesabu faida na hasara. Polisi ni sehemu ya kile ambacho watu wanakiogopa. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe ana chama. Kanisa ndilo hubaki, nalo limebaki hapa kwa vizazi. Dayosisi ya Kianglikana ya Rwenzori Kusini iliundwa mwaka 1984 na Jimbo Katoliki la Kasese mwaka 1989, na kabla ya hapo tayari kulikuwa na makatekista na wasomaji waliopanda mabonde ambayo gari halifiki hadi leo. Hospitali ya Kagando, inayomilikiwa na Kanisa la Uganda, imewatibu watu wa milima hii na wa ng'ambo ya mpaka tangu miaka ya 1960. Katekista wa kigango anajua ni kijana gani hajalala nyumbani juzi na jana. Akina mama wa kanisa wanajua ni nyumba gani haijawasha moto. Ujuzi huo hana afisa yeyote wa serikali, na hakuna fedha za wafadhili zinazoweza kuununua kwa msimu mmoja.

Hata hivyo ujuzi huo ni bure kama mlango hautafunguliwa, na mlango hufungwa mapema, wakati wa kampeni. Historia ya nchi hii ni shahidi mzito. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita Mengo kugombea madaraka, na uhuru ulipokaribia uhasama huo ukaingia kwenye vyama: DP ikawa ya Wakatoliki, watu wakaiita Dini ya Papa, na UPC ikaonekana kuwa ya Waprotestanti. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 71, inakataza chama kujengwa juu ya dini au kabila. Jirani zetu Kenya walijifunza kwa uchungu zaidi. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 viongozi wengi wa makanisa walijulikana wazi wako upande gani. Ghasia zilipozuka, zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Februari mwaka huo Baraza la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande na liliomba radhi. Toba ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikuja wakati ambapo kanisa lilihitajika kuwa mpatanishi na halikuwa na sauti ya kupatanisha. Ilibidi Kofi Annan aitwe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mimbari. Tunajua inavyokuwa: mahubiri yamekwisha, katibu anasoma matangazo, kisha mgeni aliyekaa benchi la mbele anaombwa asimame awasalimie waumini. Salamu inageuka kampeni, bahasha inatolewa kwa ajili ya paa la kanisa, kwaya inaimba, na aliyeketi nyuma akiwa wakala wa chama kingine anatoka akijua kwamba nyumba hii si yake tena. Matangani ni vilevile, tena pabaya zaidi, maana mfiwa hana uwezo wa kumkatalia mtu. Dawa yake inajulikana. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana Kenya aliwazuia wanasiasa kuhutubia kutoka mimbarini, na maaskofu Wakatoliki wakaunga mkono msimamo huo. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likaagiza mchango wa Rais William Ruto kwa parokia moja ya jijini urudishwe. Kasese inaweza kuweka kanuni zake kwa lugha nyepesi: mwanasiasa atasali na kuketi kama mwenzake yeyote, mchango wake utaingia kapuni bila kutajwa jina, mhudumu wa kanisa anayegombea au anayekuwa wakala ataachia wadhifa wake wa kanisa hadi msimu upite, na msibani atazungumza mwenye msiba na kiongozi wa ibada. Kanuni hizo zitangazwe mwaka mzima kabla ya kura, wakati hakuna anayeweza kudhani kwamba zimetungwa kumkomoa yeye.

Jambo la pili ni kazi yenyewe ya siku zinazofuata, nayo huanza jioni ileile ya kura. Kituo hufungwa saa 10 jioni, karatasi hutolewa sandukuni na kuinuliwa moja moja mbele ya watu, kisha msimamizi na mawakala hutia saini fomu ya matokeo, na nakala hubandikwa hapo kituoni. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko hotuba nyingi za amani. Kanisa likiwafundisha waumini wa vyama vyote kusoma fomu hiyo, kuinakili na kuitunza, litakuwa limewapa silaha dhidi ya uvumi na dhidi ya wizi kwa wakati mmoja. Liwafundishe pia njia za sheria na muda wake: ombi la kupinga matokeo ya urais hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 15 tangu yatangazwe, la ubunge Mahakama Kuu ndani ya siku 30 baada ya matokeo kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, na la serikali za mitaa ndani ya siku 14. Kijana anayejua kwamba bado ana wiki mbili na mlango wa kugonga ana sababu ya kutoingia barabarani usiku ule.

Baada ya hapo huja kazi ya miguu. Nyumba zitembelewe wawili wawili, na wawili hao watoke vyama tofauti, au kabila tofauti pale panapokaa makabila mchanganyiko, maana kumwona Mkonzo na Msongora wakiingia ua mmoja na kukaa mkeka mmoja ni habari inayosafiri haraka kuliko uvumi. Watembelewe walioshindwa, lakini watembelewe pia walioshinda, kwa kuwa kejeli za mshindi ndizo huwasha moto mara nyingi. Aliyekamatwa aulizwe yuko kituo gani, na jina lake liandikwe na kufuatiliwa hadi apatikane. Hili si dogo. Waliokamatwa mwaka 2016 walipelekwa kushtakiwa Jinja, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kasese, na nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo ambao mke wa mkulima wa kahawa hawezi kuubeba kila mwezi kwa miaka. Jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoko kila parokia vinaweza kutenga mfuko mdogo wa nauli hiyo, karo ya watoto na sanda. Nao waliouawa wazikwe wote kwa heshima ileile, awe askari au mwandamanaji, na majina yao yatajwe katika sala moja.

Najua mapingamizi yanayotolewa. La kwanza ni kwamba kanisa lisijiingize katika siasa, lihubiri Injili na kunyamaza. Hoja hii ina ukweli wake pale kanisa linapotaka kuchagua watawala, na ndiyo maana nimetangulia kusema mimbari ifungwe kwa wagombea. Lakini kumtafuta mtoto wa jirani aliyekamatwa hakuhitaji kadi ya chama. Uganda ina sikukuu ya kitaifa kila tarehe 16 Februari kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Hakuwa akimpigia debe mtu yeyote. Alisema watu wanauawa. Na huko Acholi, tangu miaka ya 1990, maaskofu Wakatoliki na Waanglikana walishirikiana na masheikh katika umoja wa viongozi wa dini kutafuta amani. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walikwenda kulala nje mjini Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakiyakimbia makwao kila jioni kwa kuogopa waasi wa huko. Kulala huko nje kuliwapa haki ya kusikilizwa na serikali na waasi pia. Kasese nayo ina misikiti, na kazi hii haitakamilika kama Waislamu wataalikwa kwenye picha ya pamoja tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ningependa lijibiwe kwa uaminifu. Vijana wengi wanasema amani inayohubiriwa na makanisa ni amani ya wenye nguvu: anayeibiwa kura anaambiwa avumilie, na aliyeiba anaombewa maisha marefu. Nakubali kwamba mara nyingi ndivyo mahubiri yanavyosikika, na kanisa likiomba utulivu bila kusema ukweli linapoteza walio bora miongoni mwa vijana wake. Jibu liko ng'ambo ya mto Lhubiriha. Katika uchaguzi wa Kongo wa Desemba 2018, baraza la maaskofu Wakatoliki lilipeleka waangalizi takriban 40,000 vituoni, na mwanzoni mwa Januari likatamka kwamba linajua nani ameshinda kwa mujibu wa fomu walizokusanya, likaitaka tume itangaze ukweli. Halikuwaambia watu wapige mawe, wala halikuwaambia wanyamaze. Siku ileile ya kura, watu wa Beni, ambao serikali iliwaahirishia uchaguzi hadi Machi kwa sababu ya Ebola na vita, walipanga mistari wakapiga kura yao wenyewe ya mfano kuonyesha kwamba wana haki na wanajua utaratibu. Ukweli na utulivu vinaweza kukaa pamoja, lakini ni lazima anayedai utulivu awe wa kwanza kusema ukweli. Nakiri kwamba sauti ya maaskofu haikuyabadili matokeo ya Kinshasa. Iliwapa watu neno la kweli la kushika, na hilo linapokosekana wengine hushika panga.

Pingamizi la tatu husema kanisa haliwezi kuzuia risasi, na kwamba lenyewe limegawanyika kikabila kama jamii ilivyogawanyika. Ni kweli kwa yote mawili. Hakuna sala ya pamoja ambayo ingewasimamisha wanajeshi mbele ya kasri asubuhi ile ya Novemba. Ila kati ya Februari na Novemba kulikuwa na miezi tisa, na katika miezi tisa mna nafasi ya watu kuzungumza, wazee kuketi, majina ya vijana waliojificha milimani kufikishwa kwa wazazi wao, na maaskofu kubisha hodi Kampala kabla amri haijatolewa. Kazi ya kanisa imo ndani ya miezi hiyo. Kuhusu mgawanyiko, kanisa lisisubiri kuwa safi ndipo lianze. Kwaya yenye wakala wa NRM, wakala wa FDC na wakala wa NUP ina mgogoro ndani yake, na kwaya hiyo ikiweza kuimba Jumapili ya kwanza baada ya matokeo bila mtu kuhama benchi, imekwisha kufanya sehemu ya kazi.

Uganda huchagua viongozi wake kila baada ya miaka mitano, na kila mara tunashangaa kana kwamba ni mara ya kwanza. Nawaomba mapadri, wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama wa Kasese na Bwera wafungue kalenda zao leo, waitafute siku ya kura ijayo, kisha wahesabu miezi tisa mbele yake na kuandika humo nani atatembelea kitongoji gani, nani ataweka kumbukumbu ya waliokamatwa, na mfuko wa nauli utashikwa na nani. Mikesha ya kabla ya kura iendelee. Lakini kanisa litakumbukwa kwa mahali lilipokuwa baada ya washindi kutangazwa, na hapo ndipo watu wetu wamelihitaji zaidi.